Adapta ya Midomo Miwili

Kama ulinunua adapta ya simu Butembo miaka ile, kwenye veranda ya mabati ya bluu nyuma ya parkingi ya pikipiki, basi na wewe uliwahi kuinua mkono mbele za watu kama mtoto wa darasa la pili. Usione haya. Niliwaona wanunuzi wa kahawa na matumbo yao wakiinua, niliwaona masista wawili, nilimwona hata askari, bunduki katikati ya magoti, akiinua wake. Mwalimu hakumuuzia mtu kitu kabla mkono haujainuka.

Mimi nilikuwa meza ya pili, nauza unité za kupigia simu na kutuma pesa za watu. Tuligawana veranda ile miaka sita. Mji mzima ulimwita Mwalimu. Jina lake la kwenye kitambulisho nililiona mara moja tu na sitaliandika hapa, maana hata yeye alipoitwa kwa jina hilo hakugeuka.

Biashara yake ilitosha ndani ya sanduku moja la mbao lililokuwa la chaki. Simu za siku hizi zimenyimwa lile tundu la mviringo la kuchomekea ekuteri, zile nyaya za kusikilizia masikioni. Limebaki tundu moja tu chini, bapa, la kuchajia. Mwenye ekuteri zake nzuri na simu yake mpya hawezi kuviunganisha mpaka apate adapta: kamba fupi kama kidole, mwisho mmoja bapa, mwisho mwingine tundu la mviringo. Zinaingilia Kasindi, mpakani na Uganda, zimejazwa kwenye makatoni pamoja na vitana na betri, na ukizitazama zote ni sawa. Lakini si sawa. Nyingine zina kipande kidogo ndani ya kichwa kinachogeuza sauti ili ekuteri iielewe. Nyingine ni waya mtupu. Kwenye simu ya jirani inaimba, kwenye yako inanyamaza, nawe umeshalipa na muuzaji ameshahama kona.

Mwalimu alikuwa na simu tatu chakavu za kujaribia. Adapta iliyoimba kwenye zote tatu aliipaka chaki kichwani, akasema, "Hii ilisomaka." Iliyonyamaza hata kwenye moja aliitupa kwenye kopo la maziwa ya unga. "Hii haikusoma. Irudie darasa." Kila asubuhi aliandika kwenye kibao cheusi kidogo, kwa mwandiko wa kuinama: Leo zimesoma nne. Leo zimesoma saba. Kuna siku aliandika: Leo hakuna aliyesoma, karibuni kesho. Watu walicheka, na kesho wakarudi kweli.

Ndani ya simu zile hakuweka muziki. Aliweka sauti yake mwenyewe, ile ya mbele ya darasa, polepole, kila neno na nafasi yake: "Gauche. Kushoto. Droite. Kulia. Kama uko unanisikia, inua mukono." Neno la kushoto lilitoka sikio la kushoto tu, mengine yote la kulia. Ukishavaa ekuteri unasahau kwamba watu wanakutazama. Sauti ikisema inua, mkono unainuka. Sisi wa nje hatusikii kitu, tunaona tu mtu mzima ameinua mkono, anatazama mbele. Mwalimu anaitikia kwa kichwa, anapokea hela, anamwita anayefuata, "Suivant!"

Mara moja mzee mmoja wa Vuhovi aliteremka na simu aliyonunuliwa na wanawe ili asikilize misa ya redioni. Alivaa. Hakuinua. Mwalimu akabadilisha adapta, akabadilisha simu, akabadilisha ekuteri. Mzee anatazama tu. Mwishowe Mwalimu akamgeuzia ekuteri, ya kulia akaitia kushoto, na mkono ukaruka juu mara moja.

"Baba," akamwambia, "adaptateur ni muzima. Ni sikio ya kuume njo haikusoma."

"Eh! Tangu wakati gani?"

"Miye nitajua wapi? Uulize bibi yako ni tangu wakati gani hamujibuane."

Veranda nzima ilikufa kwa kicheko, na mzee mwenyewe zaidi. Mwalimu hakucheka. Aliandika barua fupi kwa Kifaransa kwa watu wa kituo cha afya, akaikunja mara nne, akampa, na hakumuuzia kitu. Aliweza kuchekesha watu siku nzima na uso wake ukabaki palepale.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Aliuza vitu vya kusikilizia, yeye mwenyewe hakusikiliza chochote. Akila, alikula amegeukia ukuta, lakini hakuweza kula kabla hajakumegea. Alimkemea motari aliyepiga honi mara mbili, kisha akakaa kutwa nzima karibu na bafle la jirani, lile spika kubwa la muziki, bila kusema neno. Hakupenda uniambie simu ya mteja imekufa. "Hapana sema imekufa, Mama Paluku. Sema haijajibu." Nilimwambia simu ni simu, ikishafura betri na kutoa maji imekufa. Akasema, "Haijajibu." Basi nikawa nasema hivyo na mimi, ili tumalize.

Lakini kuna neno moja ambalo halikuwa la kubishana. Mchana mmoja walipiga kelele za mwizi huko kwenye viazi, unajua kelele zile, zinaanza na mdomo mmoja na mara soko zima linakimbia. Kijana alipita mbele yetu, watu nyuma yake. Nilidhani Mwalimu atasimama kutazama kama sisi sote. Alisimama, akaacha sanduku wazi, akaingia nyuma ya ukuta na kutapika. Aliporudi, mteja mmoja alikuwa bado anasimulia, "Huyo mwizi..." Mwalimu akamwekea mkono mbele ya mdomo. "Ku meza yangu hakuna mwizi. Kitu kinapoteaka, kinatafutwa."

Sikumuuliza. Miaka ile hatukuulizana sana. Ukimwuliza mtu aliyetoka upande wa Mabalako, walikokuwa wanaua watu mashambani, habari za kwake, atakujibu, na jibu lake utalala nalo. Mimi nilikuwa na yangu ya kulala nayo. Ndugu zangu wawili walikwenda shamba na sikuwaona tena, na nilishangaa mwenyewe jinsi nilivyoendelea kuuza unité wiki ileile. Sikulia. Nilikuwa na ganzi, ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu: unajua mguu upo, unaugusa, haujibu.

Alinieleza mwenyewe, vipande vipande, katika mwaka wa tatu, na kila kipande akikieleza huku anajaribu adapta ya mtu.

Alifundisha Mabalako. Mke alikuwa ameshafariki kwa ugonjwa. Alikuwa na binti, Masika, na kama jina linavyosema kwetu sisi Wanande, ndiye binti wa kwanza, ila wa pili hakuja. Mwalimu tayari alikuwa anauza adapta jioni baada ya masomo, na kati ya zote alikuwa na moja nzuri sana, ya kwake, aliyojaribia nyingine. Asubuhi moja haikuonekana. Masika alikuwa anajiandaa kwenda shamba. Mwalimu akamwita mwizi. Si ndani ya nyumba, nje, mbele ya majirani waliokuwa wanateka maji. Masika hakujibu. Alijitwika kapu akaenda.

Saa nne, akiwa darasani, simu ikatetemeka mfukoni. Masika amemtumia sauti. Alitazama: sekunde arobaini na moja. Akairudisha mfukoni.

"Nikasema kwanza angoje," akaniambia. "Nilikuwa naye kasirani. Nilisema nitamusikiliza magaribi."

Magharibi watu wa njia ile ya mashamba hawakurudi. Alitafuta siku nne. Siku ya tano, kijiji kinahama, akafungua sanduku la chaki ili atupie vitu vyake ndani, na adapta ilikuwa humo, chini kabisa, imejikunja chini ya vipande vya chaki. Alikuwa ameiweka yeye.

Niliuza unité kwa watu watatu. Nikasema, "Pole, Mwalimu." Akasema, "Wasingya," asante ya kwetu, akamgeukia mteja wake. "Gauche. Unasikia gauche?"

Wakati wa kukimbia mvua iliwapiga juu ya pikipiki, na simu ililowa mfukoni. Tangu hapo kinywa chake kiliziba, yaani spika haikutoa sauti tena. Betri nayo ilichoka: ukiitoa kwenye chaja, inazimika papo hapo. Na simu ile ni ya tundu moja. Sasa tazama shida yenyewe. Ili iwake, tundu lazima liwe na chaja. Ili usikie, tundu hilohilo lazima liwe na ekuteri. Ukiweka hii unatoa ile. Ekuteri zisizo na waya simu haikuziona kabisa. Mafundi walitaka kuifungua, yeye akakataa, kwa sababu aliona kwa macho yake fundi akifungua simu ya mama mmoja na kuirudisha tupu, picha zote zimefutika. Mtu aliyejaribu vitu vya mji mzima hakuruhusu mtu kugusa skrubu moja ya chake.

Kilichobaki ni adapta ya midomo miwili: mwisho mmoja bapa unaingia kwenye simu, mwisho wa pili umegawanyika, mdomo mmoja wa chaja na mdomo mmoja wa ekuteri. Zipo, ila ni chache, na zilizosoma ni chache zaidi. Kazi ya kuzitafuta ilikuwa ya Hadji, mfanyabiashara wa Beni aliyepanda na kushuka kati ya Kasindi na Butembo kila wiki na aliyeweka kwangu hela zake za simu. Kila miezi minne mitano alileta moja.

"Mwalimu, hii ni original, walai."

"Tutaona kama ni original."

Mwalimu alisubiri saa ya chakula, watu wamepungua. Aliitoa simu kwenye kitambaa, akachomeka adapta, akachomeka chaja, akavaa ekuteri. Kioo kilimulika kidevu chake. Mimi na Hadji tulitazama chini. Baada ya muda alivua ekuteri, akafunga kitambaa, akatia adapta kwenye kopo la maziwa.

"Haikusoma."

"Astaghafiru! Hata hii?"

"Hata hii. Utafute ingine, Hadji."

Ilikwenda hivyo mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Nilianza kuuchukia ule mdomo wa kopo. Nilimwombea kanisani, na hata maombi yangu yalikuwa makavu, niliyasema jinsi ninavyosoma namba ya mteja.

Kisha akaamua kuhamia Beni. Dada yake aliumwa miguu, hakuwa na mtu. Siku ya kuhama alinikabidhi meza, kibao cheusi na kopo. "Zote za mu kopo ni za kutupa. Usiuzishe, utapotesha jina yangu."

Mimi si mtu wa kutupa. Mama yangu hakutupa hata kamba ya gunia. Jioni ileile nilimwaga kopo mezani. Simu yangu ilikuwa ndugu ya ile ya Mwalimu, aina moja, toleo moja, yeye ndiye aliyenichagulia. Nilizitenga zile za midomo miwili, saba kamili, nikachomeka ya kwanza. Chaja ikaingia, ekuteri ikaimba. Ya pili ikaimba. Ya tano nilisimama kidogo, kisha nikaendelea, ili nisije nikasema sikumaliza. Zote saba zilisoma.

Ningependa kusema nilikasirika. Miaka mitatu Hadji anahangaika, mimi napiga magoti. Nilizifunga saba zile ndani ya mfuko wa nailoni, nikafunga meza, nikaenda kupika. Hasira ilikuja baada ya miezi, na ilipokuja ilikuwa ndogo.

Mwaka jana nilikuwa na shughuli Kasindi, na njia inapita Beni. Nilishuka. Nilimkuta kwenye baraza ya dada yake, kando ya duka la misumari, na sanduku lake la chaki, na waya wa umeme wa jua unaotoka dirishani. Amekonda, anashika fimbo. Mteja mmoja alikuwa ameinua mkono. Nilisubiri zamu yangu. "Suivant!" akaita, kisha akaniona.

"Mama Paluku! Uko unakonda."

"Ni weye uko unakonda. Mimi niko vile vile."

Alinipa kiti, akamega mhogo wake, tukala. Aliuliza kuhusu veranda, nikamwambia mabati ya bluu yamepigwa rangi ya njano. Kisha nikatoa mfuko wa nailoni, nikauweka juu ya sanduku. Alihesabu kwa macho. Hakugusa.

"Nilikuambia utupe."

"Zote zilisomaka, Mwalimu. Saba yote."

Dada yake alikohoa ndani. Mwalimu alichukua kipande cha chaki, akakisugua kwa kidole gumba mpaka kikaisha.

"Nilikuwa nafika tu fasi ya kufinya," akasema. "Kidole kinafika pale, kinakataa. Nilimuitaka mwizi, mama. Mbele ya batu. Kama nitamusikia na kasirani yake, njo neno ya mwisho. Hakuna ingine nyuma yake."

Nilitazama mikono yangu, ina alama za mhogo. Ndipo akasema, "Usikilize weye. Usinielezee. Usikilize tu."

Alitoa kitambaa ndani ya koti. Nilichagua adapta moja kati ya saba, sikujali ipi. Nikachomeka chaja, nikasubiri iwake, nikavaa ekuteri. Yeye mwenyewe alinitafutia pale pa kufinya, akanielekezea kidole, akageukia ukuta jinsi alivyokuwa akila.

Kulikuwa na upepo kwanza, na mbuzi. Kisha sauti ya msichana anayetembea, anapumua kwa haraka, anacheka pembeni na mtu.

"Baba, niko nakuambia: hapana mimi. Utafute mu sanduku ya chaki, weye unaweka vitu uko unafundisha, kisha unasahau. Ukiisha ipata, faini ni mandazi mbili. Mbili, hapana moja! Na sombe iko mu sufuria ya kidogo, upashe, usiikule baridi. Aya. Niko napanda kilima, sina pumzi."

Basi. Sekunde arobaini na moja. Nilivua ekuteri. Nilijisikia niko palepale, nimekaa, na kitu kikinichomachoma kifuani, jinsi mguu unavyochoma ukianza kuamka. Kilikuwa kinauma. Nilikaribia kukikataa.

"Ana kasirani?" aliuliza, bado ametazama ukuta.

"Hapana."

"Usinidanganye, Mama Paluku."

"Hana kasirani hata kidogo. Anacheka. Anasema ukiisha ipata ile adaptateur yako, faini ni mandazi mbili. Mbili, hapana moja."

Alishika fimbo, akasimama kwa shida, akateremka barazani. Nilitaka kumfuata, akanionyesha kiganja, nikakaa. Nilimwona akisubiri pikipiki zipite, akavuka, akasimama mbele ya mama wa mandazi upande wa pili. Alichagua kwa muda mrefu, akizigusa moja moja, na yule mama akimsemesha. Akavuka tena na karatasi mkononi.

Aliweka mandazi mawili juu ya sanduku la chaki, yamekaa vizuri, yanatazamana. Akaketi. Akazifuta ekuteri kwa upindo wa shati, ya kushoto, kisha ya kulia, na kuzivaa.

"Finya," akaniambia.

Nikafinya. Watu walikuwa wanapita. Mmoja alisimama na adapta mkononi, anataka kubadilisha, nikamwonyesha kwa jicho angoje. Mwalimu alitazama mbele. Uso wake ulibaki palepale kama siku zote. Mbuzi wamepita, nikakadiria, kilima kimeanza.

Kisha mkono wake ukainuka.